Mtoto Anaporudi Nyumbani na Swali

Sisi tunaoandika haya ni walimu wa Shule ya Jumapili katika ushirika mmoja wa Moravian hapa Isongole, wilayani Rungwe. Wengi wetu ni wakulima wa viazi. Wawili wanafundisha shule ya msingi, na mmoja ni fundi cherehani. Kwa miaka kadhaa sasa, kila mwezi wa nane, tumekuwa tukiwakusanya watoto wa shule za jirani kwa mashindano ya siku moja ndani ya kanisa: chemsha bongo asubuhi, ngonjera na maigizo kabla ya chakula, na mdahalo mchana. Zawadi ni madaftari, kalamu na sabuni. Anayeshinda huondoka na madaftari manne, anayeshindwa mawili, na sabuni ni ya wote.

Asiyepafahamu Isongole na apande gari la Tukuyu kutoka Uyole. Barabara hupanda milima ya Poroto, na ukungu ukikubali, msafiri ataona jinsi tulivyokaa kati ya milima miwili. Upande mmoja ni Ngozi, yenye ziwa lake ndani ya kasoko la volkano. Upande wa pili ni Mlima Rungwe wenyewe, unaopita mita 2,900 kwenda juu, na msitu wake umekuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2009. Wasafwa na Wanyakyusa tumechanganyika hapa kwa ndoa, kwa mashamba na kwa madhabahu. Udongo ni mzuri, mvua ni nyingi, na viazi vinakubali. Pesa ndiyo isiyokubali, na tutaeleza sababu mbele.

Nchi yetu haina upungufu wa mashindano ya wanafunzi. Sekondari wana UMISSETA, na wana shindano la insha la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Shule za msingi wana UMITASHUMTA, ambayo herufi zake, wengi wamesahau, zinabeba neno taaluma pamoja na michezo. Ukienda uwanjani utaona mpira wa miguu, netiboli na riadha, na taaluma utaitafuta sana. Hatusemi haya kwa kulaumu. Mpira unawapendeza watoto, na mtoto aliyefurahi hujifunza. Ila tuliona kuna nafasi iliyobaki wazi, na kanisa lina benchi, lina paa, na siku ya Jumamosi lipo tupu.

Wapo ndugu wanaouliza kama mashindano yanafaa kanisani. Wanatukumbusha wanafunzi wa Bwana waliobishana njiani nani kati yao ni mkubwa, na jibu walilopewa. Swali lao ni zito, na tunalichukua hivyo. Lakini Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho aliwapa mfano wa wapiga mbio, na aliwajua watu aliokuwa akiwaandikia: karibu na mji wao palifanyika michezo mikubwa ya Isthmia, ambako mshindi alivikwa taji la majani. Hakuwaambia waache kukimbia. Tena sisi Wamoravian tuna wazee wetu katika jambo hili. Askofu Jan Amos Comenius wa Umoja wa Ndugu, alipokuwa akifundisha Sárospatak huko Hungaria kati ya 1650 na 1654, aliwaandikia wanafunzi wake michezo ya kuigiza ili masomo yote, ya mimea, ya wanyama, ya kazi za mikono, yapande jukwaani na kusemwa kwa vinywa vya watoto. Wakubwa wa shule ile walikuwa na mashaka. Wazazi walikuja, wakatazama, wakapenda.

Hata kabla wamisionari hawajafika Rungwe mwaka 1891, watu wa huku walikuwa na shule yao ya maneno. Mama Monica Wilson, aliyeishi kwa Wanyakyusa na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima juu ya vijiji vya rika, ambamo wavulana walitoka kwa baba zao wakiwa wadogo, wakajenga vibanda vyao na kukaa pamoja. Walichokitafuta waliita ukwangala, yaani kukaa vizuri na wenzako, kula pamoja, kuzungumza, kubishana kwa adabu. Waliamini kwamba akili hupatikana huko, katika maneno ya watu walio sawa. Wasichana hawakuwa na vijiji vyao. Tunalitaja hilo kwa sababu katika mdahalo wetu wasichana ndio wanaotusumbua zaidi, na tunashukuru.

Kwa hiyo tulianza bila hofu. Tulichagua mwezi wa nane kwa makusudi, kwa ajili ya tarehe 13 Agosti tunayoikumbuka kila mwaka kwa yale yaliyotokea Herrnhut mwaka 1727. Wengi wanakumbuka Meza ya Bwana ya siku ile. Wachache wanakumbuka kwamba uamsho ulikuwa umeshaanza kati ya watoto, na msichana wa miaka 11, Susanna Kühnel, ndiye aliyewatangulia. Watu wazima walimkuta mtoto akiwa mbele yao. Kila tunaposoma habari hiyo tunaisoma kwa furaha, labda kwa sababu ilitokea mbali na zamani. Jambo hilohilo likitokea nyumbani kwako lina ladha nyingine.

Hapo lazima tuseme kitu kuhusu ngonjera. Mashairi haya ya majibizano, ambayo kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania ameyakariri, yalipata umbo lake mikononi mwa Mathias Mnyampala wa Dodoma, yule Mkatoliki aliyetunga pia Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963. Vitabu vya Ngonjera za UKUTA vilitoka baada ya kifo chake cha 1969, na kwa miaka mingi vilibeba mafundisho ya taifa mpaka madarasani. Ngonjera ina mpangilio wake. Yupo asiyejua na yupo anayejua. Asiyejua anabisha, anabisha tena, kisha anaanza kulegea, na katika beti za mwisho anakubali na kushukuru. Watoto wanaupenda mpangilio huo, na sisi pia tunaupenda. Ukishamaliza, kila mtu anapiga makofi na kwenda kula. Mdahalo hauna beti la mwisho la namna hiyo. Kengele ya mtunza muda inalia, majaji wanatoa alama, na aliyekuwa akibisha anarudi nyumbani bado anabisha.

Mwaka tunaotaka kuuzungumzia, mada yetu ilikuwa msitu.

Asubuhi kulikuwa na chemsha bongo, na moja ya kadi ilikuwa na swali hili: kipunji aligunduliwa mwaka gani? Kipunji, kwa wasiomjua, ni nyani wa msitu wa Rungwe, mwenye manyoya marefu ya kahawia na kishungi kichwani. Mwaka 2003 watafiti wa wanyamapori waliokuwa wakifanya kazi katika msitu huu walimwona, wakatangaza habari zake duniani mwaka 2005, na mwaka uliofuata wanasayansi wakampa jina la jenasi peke yake, Rungwecebus, kwa heshima ya mlima wetu. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kwamba walikuwa 1,117 tu katika dunia nzima, hapa kwetu na Kitulo, pamoja na kundi dogo kule Udzungwa. Mtoto wa darasa la tano aliinua mkono akajibu: 2003. Jibu la kadi lilikuwa hilohilo. Makofi yakapigwa.

Babu mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango akaomba kusema. Si kawaida watazamaji kusema kwenye chemsha bongo, lakini nani atamnyima babu nafasi? Akasimama, akaondoa kofia.

"Mwenyekiti, mtoto amejibu vizuri. Lakini nataka kuuliza. Hilo jina kipunji, hao wageni walilitoa wapi?"

Watu wakacheka. Mtoto hakucheka, alifikiri, akasema, "Walilisikia hapa, babu."

"Kwa nani?"

"Kwa wawindaji."

"Basi," alisema babu, akaketi.

Na ndivyo ilivyokuwa. Watafiti wenyewe walieleza kwamba walianza kumtafuta mnyama huyo baada ya kusikia wawindaji wa Kinyakyusa wakimtaja. Jina lilikuwa katika vinywa vya wazee kabla ya kuwa kwenye karatasi. Majaji wakanong'onezana. Mtoto akapata alama zake, na babu akaandikiwa alama mbili ubaoni, ingawa hakuwa katika timu yoyote. Kadi ikaandikwa upya: wanasayansi walimfahamu kipunji mwaka gani, na ni nani aliyewaambia? Tangu siku hiyo hatuna kadi iliyopata majibu mazuri kama ile. Kila mwaka mtoto fulani anaijibu kwa jina la babu yake.

Kama siku ile ingeishia hapo, tungekuwa na habari ya kufurahisha tu. Lakini mchana ulikuja mdahalo. Kwa kweli tumechoka na hoja za miaka yote, mkulima ni bora kuliko daktari, elimu ni bora kuliko mali, ambazo watoto wanazijibu kwa maneno waliyoyarithi kwa kaka zao. Tuliweka hoja inayohusu mlima wetu: msitu una faida zaidi ukiwa umesimama kuliko ukiwa umekatwa.

Msichana wa darasa la sita alikuwa upande wa kuunga mkono. Alianza kama wanavyoanza wote: mheshimiwa mwenyekiti, majaji wapenda haki, mtunza muda asiyependelea, wapinzani wangu wasio na hoja. Akaeleza kazi ya msitu, jinsi kuvu, majani na mizizi vinavyoishika mvua na kuiachia polepole, jinsi vijito vya mlima vinavyokwenda kuingia mto Kiwira, na Kiwira inavyokwenda kumwaga maji Ziwa Nyasa. Alikuwa amejiandaa vizuri. Kisha akaiweka karatasi chini.

"Mheshimiwa mwenyekiti, sare niliyovaa imenunuliwa kwa mkaa. Daftari hili pia. Kwa hiyo siwezi kusema mkaa hauna faida. Ninachosema ni kwamba chemchemi tunayoteka mimi na mama, mwaka juzi haikukauka, na mwaka jana ilikauka mwezi wa kumi. Nilihesabu siku. Tulikwenda mbali kwa siku 19."

Hakumtaja mtu. Hakukuwa na haja. Isongole ni ndogo, na magunia yanayosimama kando ya barabara alfajiri yana wenyewe, nasi tunawajua wenyewe. Baba yake alikuwa kanisani, amesimama nyuma kabisa. Mkaa wa msitu ule ni kosa kwa sheria, na mle ndani kulikuwa na viongozi wa kijiji. Tulimwona akivaa kofia yake taratibu na kutoka. Upande wa kuunga mkono ukashinda kwa alama nyingi, na sijui kama kuna aliyefurahia.

Jumatatu usiku mama wa yule msichana alikuja nyumbani kwa mmoja wetu. Tulimkaribisha, tukampa kiti karibu na moto. Akakaa muda bila kusema. Kisha akasema, "Mwalimu, mmemfundisha mtoto vizuri. Sasa nifundisheni na mimi. Nimwambie nini baba yake? Hajampiga. Hajasema neno. Anakula, analala, anaamka. Mtoto anamwamkia, anaitikia, basi."

Baba yule hakuja ibadani Jumapili iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Maneno yakasambaa. Baraza la wazee likaitishwa, na ajenda ilikuwa kama mashindano yaendelee au yasimame.

Mzee mmoja alisema kwamba tunawafundisha watoto kuwashitaki wazazi wao mbele ya watu, na kwamba amri ya kuwaheshimu baba na mama haina kifungu cha mdahalo. Mwingine alisema shule ni shule na kanisa ni kanisa, na sabuni zile zingetosha kupewa wajane. Mama mmoja wa idara ya akina mama alisema mtoto amesema kweli na kweli haina umri. Yule mzee wa kwanza akamjibu kwamba kweli inayo mahali pake. Tulikaa mpaka taa ikaongezwa mafuta.

Mchungaji alisubiri mpaka watu walipochoka. Akasema neno moja la lugha ya Kiebrania, ambalo wengi wetu hatukuwa tumelisikia: kwamba katika amri ile, neno tunalolisoma kuheshimu lina asili moja na neno uzito. Kumheshimu baba na mama ni kuwapa uzito. Akauliza: yule mtoto ameyapa uzito mambo ya baba yake, au ameyafanya mepesi? Ameyataja sare, daftari, mkaa. Amesema havikuwa bure. Na sisi, tangu siku ile, ni nani aliyekwenda kwa yule baba kumuuliza anasemaje?

Hakuna aliyejibu, kwa sababu mdahalo una pande mbili, na upande wa pili ulikuwa haujazungumza. Waliopinga hoja siku ile walikuwa watoto wenzake, wakisoma maneno waliyoandikiwa. Mwenye hoja alikuwa amesimama nyuma na kofia mkononi.

Wazee wawili na mmoja wetu tulitumwa kwake. Tulimkuta shambani. Tulisalimiana kwa kirefu, tukaulizana habari za mazao, za mvua, za ng'ombe, kama inavyopasa. Tulipomweleza tulichojia, alicheka kidogo, akasema, "Kwa hiyo nami nije kuitwa mheshimiwa mtoa mada?" Tukasema ndiyo. Akasema atafikiri. Alikuja Jumapili ya pili yake.

Baada ya ibada, watu waliombwa wabaki, na watoto pia. Aliita "Mheshimiwa mwenyekiti," watu wakacheka, naye akangoja wamalize. Alisema hivi, kwa kadiri tunavyokumbuka. Miti ya mlima ule alifundishwa majina yake na baba yake, na anaipenda kuliko wanaomfundisha kuipenda. Chemchemi aliiona ikikauka kabla binti yake hajahesabu. Lakini akivuna viazi, mnunuzi huja na gunia lake, na gunia hilo halifungwi likijaa: hujazwa, huongezwa nyavu juu, hujazwa tena mpaka huota kichwa. Bei ni ya gunia moja. Ndiyo lumbesa, na kila mkulima wa nyanda hizi anaijua. Akitoa mbolea, mbegu na dawa, kinachobaki hakinunui sare.

"Gunia la viazi analipanga mnunuzi," alisema. "Gunia la mkaa nalipanga mimi. Ndiyo tofauti. Na jingine. Mtoto wangu kila Jumatatu anabeba kipande cha kuni kupeleka shuleni kwa ajili ya uji. Kuni hizo zinatoka wapi? Na chai tutakayokunywa hapa nje sasa hivi, inachemka kwa nini?"

Tulisikia sufuria zikitokota nje, na hakuna aliyezitazama.

Binti yake alikuwa amekaa na watoto wenzake kwenye mkeka wa mbele. Hakuinua mkono. Aliyeinua ni mvulana mdogo, pengine wa darasa la tatu, ambaye alitaka kujua gunia la lumbesa lina kilo ngapi. Baba yule akafungua mdomo, akaufunga. Akasema hajui. Akawageukia wakulima wengine, nao wakatazamana. Sisi wote, tunaouza viazi tangu tukiwa vijana, hatukuwahi kuliweka gunia lile kwenye mizani, kwa kuwa mizani ni ya mnunuzi, na mnunuzi haileti.

Mada ya mwaka uliofuata ikawa imepatikana bila kikao.

Maandalizi ya mwaka huo yalikuwa tofauti. Wazazi walipewa mada wiki tatu kabla, wakatengewa benchi za mbele na muda wa kujibu baada ya kila upande wa mdahalo. Hili lilitoka kwa mzee yule aliyetaka mashindano yasimame, na ndiye aliyelisimamia. Asubuhi, badala ya chemsha bongo ya kadi, tulileta gunia la lumbesa lenyewe, limeshonwa na kufungwa nyavu kama linavyopakiwa kwenye lori, na mizani ya kuning'iniza tuliyoazima kwa mfanyabiashara wa mahindi. Yule baba na vijana wawili wakaitundika kwenye boriti ya banda. Kwa kuwa gunia zima lilikuwa kubwa mno, watoto walilifungua na kupima viazi ndoo kwa ndoo. Darasa la nne waliandika ubaoni, darasa la tano walijumlisha, darasa la sita walihakiki. Sheria ya vipimo ya nchi hii inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Tulipofika 100, viazi vilivyobaki chini vilikuwa vingi kiasi kwamba watu waliacha kuzungumza. Watoto waliendelea kupima. Mama mmoja alikuwa akihesabu kwa vidole, si kilo, bali miaka.

Mchungaji alisoma katika kitabu cha Mithali zile sehemu zinazosema jinsi Bwana anavyoichukia mizani ya udanganyifu. Tumezisikia tangu utoto na tulidhani zinawahusu wenye maduka ya mjini.

Mdahalo wa mchana ule ulikuwa na hoja ngumu: ni heri kuuza kwa lumbesa kuliko kukosa mnunuzi. Tulidhani hakuna mtoto atakayetaka upande wa kuunga mkono. Walijitokeza wengi, na walikuwa na hoja, kwa sababu wameona viazi vikioza nyumbani kwao. Msichana wetu, sasa darasa la saba, aliomba kuwa upande huo. Alipomaliza, baba yake alipewa dakika zake, akazitumia kumpinga, hoja kwa hoja, mpaka kengele ikalia. Alizidisha muda. Mtunza muda, ambaye ni mtoto wa darasa la nne, alimkatia alama, naye akalalamika kwa majaji kama wanavyolalamika watoto.

Familia 11 zilikubaliana kuuza pamoja, kwa mizani, gunia la kilo 100. Mnunuzi wa kwanza alitazama, akapandisha kioo cha gari lake na kuendelea na safari kuelekea Kiwira. Viazi vilikaa siku nne. Wa pili alikubali, kwa bei ya chini kidogo kuliko waliyoitaka. Ushirika ulitoa kipande cha kiwanja chake nyuma ya kanisa kwa miti ya kuni, na watoto walipanda, na shule moja ya jirani ikafanya hivyohivyo kwa ajili ya uji wake. Miti hiyo sasa inafika kiunoni mwa mtu mzima, mingine imeliwa na mbuzi.

Msichana yuko sekondari. Akija likizo huja kuwa jaji, na ni mkali. Magunia ya mkaa barabarani yamepungua, hayajaisha, na hatujui ni ya nani. Katika zile familia 11, mbili zilirudi kwenye lumbesa kabla mwaka haujaisha, kwa kuwa mnunuzi alikuja na pesa taslimu siku ambayo mtoto alikuwa amelazwa. Mwezi wa nane ujao wameombwa waje kueleza, nao wamesema watakuja, mradi wapewe muda wa kutosha.